Saa Moja na Nusu ya Angani

Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ndege inatumia saa moja na nusu. Nimeishia darasa la nne, lakini hiyo naijua kama Baba Yetu.

Aliyenifundisha ni kaka yangu mkubwa, mtumishi wa serikali huko Dar. Baba alipofariki alipiga simu hapa kwetu Matiri, nikaweka spika wazee wasikie.

"Nimeangalia kwenye simu. Kilomita mia tano na kitu, saa moja na nusu tu. Kesho asubuhi napanda. Mzee asizikwe mpaka nifike."

Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Na kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi linaita mwingine. Baba mdogo, msemaji wa familia, aliposikia saa moja na nusu akaamuru lichimbwe alfajiri.

"Kumbe Dar ni jirani kuliko gulioni," akasema, wazee wakacheka msibani.

Hakuna aliyeuliza habari za kungoja uwanjani, wala barabara ya Songea mpaka Mbinga, wala utelezi wa kutoka Mbinga kuja huku. Angani hakuna tope.

Mume wangu alikuwa na pikapu ya kubebea kahawa. Tukaenda wawili kumpokea. Ndege ilichelewa, ikatua alasiri. Kaka akashuka na suti.

"Shikamoo, kaka. Pole."

"Marahaba. Twende, jua linatuacha."

Njiani hakunyamaza. "Shemeji, unaendesha gari au unachunga mbuzi?"

"Shemeji, hii siyo ndege."

"Kanyaga! Baba ananingoja mimi."

Mume wangu akakanyaga. Tulikuwa tumeshaacha lami, mvua inanyesha. Kwenye mteremko gari likateleza, likabiringika mpaka kwenye mashimo ya ngolo, yale tunayochimba milimani kulimia, shambani kwa watu. Nakumbuka tairi likizunguka juu, na mimi nalitazama tu. Kaka alivunjika mkono. Mume wangu hakuinuka.

Na baba alikuwa ameshazikwa. Jua liliposhuka baba mdogo aliogopa kaburi kulala wazi, akatupa udongo yeye mwenyewe, watu wakaenda kula. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Hakutupigia. Tulikuwa tunakimbilia kaburi lililokwisha kujaa.

Wenye makosa nawataja. Kaka, kwa hesabu yake. Baba mdogo, kwa jembe lake la alfajiri na simu yake. Mvua siitaji, yenyewe ilikuwa kazini kwake.

Siku ya kumzika mume wangu, kaka aliinama achukue udongo kwa mkono ule mzima.

"Acha, kaka. Ngoja."

"Ningoje nini, mdogo wangu?"

"Saa moja na nusu."

Nikatupa mimi. Sikulia. Watu wakafukia, wakaimba, wakatawanyika. Yeye alibaki amesimama na suti yake, udongo bado umo mkononi.