Ng'ombe wa Ukutani

Kila nikifungua kopo la oili chafu ya gari ili nichore, wageni wa atelie yangu huziba pua. Mimi naivuta harufu ile mpaka kifuani, na mikono inaanza kucheza yenyewe.

Kwa oili kama hiyo mama alipaka nyumba yetu ya mbao kule mtaa wa Murara, isiozeshwe na mvua. Aliniachia brashi na ukuta mmoja, nikachora ng'ombe ambaye koko, bibi yangu, alimwacha kwao upande wa Bukavu.

Kisha tukahamia mtaa wa Ndosho. Nyumba ikang'olewa ubao kwa ubao, ikapakiwa kwenye chukudu, vile vibaiskeli vyetu vya mbao, na fundi akaipigilia upya bila kuangalia mchoro. Niliporudi kutoka masomoni, pembe zilikuwa chini mlangoni, mkia juu karibu na bati.

"Papa, umeua ngombe ya koko!" nikamlilia fundi, maana kwetu kila mwanaume mzima huitwa papa.

Koko akatoka, akatazama, akacheka mpaka akauegemea ukuta. "Haiyakufa, mutoto. Angalia, sasa iko natembea!"

Na kweli alikuwa anatembea! Watoto wa mtaa wakajaa, wakiruka na kupiga makofi: "Sikio ile pale! Kwato hii hapa!" Jicho tu ndilo hatukuliona.

Siku hizi nakata picha zangu, nazichanganya, kisha nawaita wapiga ngoma na wachezaji wavitafute vipande. Watu huniuliza nilisomea wapi.

Jioni ya siku ile ng'ombe alipoanza kutembea, niliingia kutandika mkeka wangu. Jicho lilikuwa limepigiliwa upande wa ndani, juu ya mto wangu, likinitazama mimi peke yangu.