Mwigizaji Aliyejifunza Cherehani kwa Baba

Harufu ya sufu iliyolowa ikipigwa pasi ya moto hunirudisha Jeppestown, Johannesburg, popote nilipo. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya karakana ya baba katika baridi ya Julai 2016, shule zimefungwa nami nina miaka kumi: sufu, mafuta ya cherehani, na moshi kutoka uani, ambako mafundi magari walikuwa wakiota moto kwenye pipa. Baba na mama walitoka Fizi, mashariki ya Kongo, mwaka mmoja kabla sijazaliwa, na nilijijua kuwa kifungua mimba wao na mtoto wao wa pekee. Mama alikuwa akisuka nywele mjini kutwa, kwa hiyo badala ya kuachwa peke yangu chumbani kwetu Troyeville nilishinda karakanani, nikiokota pini sakafuni kwa sumaku. Nilikuwa mtoto mdadisi, tena mwenye wivu. Nalisema hilo mapema ili msinionee huruma kuliko ninavyostahili.

Wivu wangu ulikuwa juu ya gauni. Baba hakuwa mtu wa kukata kitambaa kwa kubahatisha. Hata mteja aliyemshonea kwa miaka kumi alipimwa upya kila alipokuja, kwa sababu mwili, alisema baba, hauna ahadi. Lakini kila mwaka, baridi ikikaza, alishona gauni moja la msichana bila kumpima mtu yeyote. Alisimama mezani akautazama ukuta, akainua kiganja hewani kama anayeonyesha kimo cha mtu aliyesimama mbele yake, kisha akakata. Kila mwaka gauni liliongezeka kidogo, na kila mwaka lilinizidi. Likiisha lilitundikwa wiki moja, halafu likaenda kwa binti yeyote wa kanisani ambaye lilimkaa. Mwaka ule lilikuwa la kitambaa cha samawati chenye maua meupe, na nililitaka mpaka nikalia. Nilipouliza kwa nini mimi sishonewi, mama ndiye aliyenijibu: "Muache baba yako." Nikaamua moyoni kwamba baba alitamani binti mrefu kuliko mimi, na nikaanza kutembea kwa ncha za vidole.

Ukuta mmoja na sisi kulikuwa na kinyozi, Shabani, Mtanzania wa Tanga. Mlangoni kwake palikuwa na bango la mitindo kumi na miwili ya nywele, na namba saba ilikuwa picha ya mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, mtu mweusi mwenye mashavu ya kitoto. Shabani aliyajua maisha yake yote, au alijifanya anayajua. Wazazi wake walihamia London kutoka Afrika Magharibi. Mama yake alisafisha ofisi, baba yake aliendesha basi. Shuleni alianza kwa kuigiza punda katika mchezo wa Krismasi. Akauza viatu miaka mingi huku akikataliwa kila alikokwenda kujaribiwa, mpaka akapewa nafasi ya daktari katika tamthilia ya televisheni, na wanawake wa Uingereza wakawa wanamwandikia barua kumweleza wanapoumwa. Baada ya hapo akawa jenerali, mwizi wa benki, mfalme. "Huyu mwenzetu tu," Shabani alimalizia kila mara. "Kazaliwa pasipo pake."

Basi asubuhi moja gari lilisimama nje, na Namba Saba akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Shabani aliangusha mashine ya kunyolea. Mimi nilipigwa na butwaa, nikitazama bango, nikimtazama mtu, nikirudia bango. Nywele zenyewe hazikufanana hata kidogo. Kumbe filamu ilikuwa inapigwa katika ghala kuukuu mtaa wa pili. Angeigiza fundi cherehani mkimbizi, na alitaka kukaa na fundi wa kweli ajifunze.

Alikaa wiki tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wateja waliongezeka, hata wasio na cha kushona. Mama alipokuja jioni kutuchukua alimsemesha Kiswahili tu, akiamini anakijua ila anatuficha. "Huyu iko mutoto wa kwetu," alisema. "Ngoja siku moja atajisahau." Hakujisahau. Alichofanya ni kumwiga baba. Alijifunza kushika mkasi, kubana pini midomoni, kukohoa kidogo kabla ya kutaja bei. Siku moja niliingia na chai nikaona migongo miwili imeinama mezani, na kwa muda sikujua upi ni wa baba. Niliogopa kweli, nikaweka chai chini nikatoka. Alasiri cherehani zikinyamaza, baba alinituma kwa Shabani, wakabaki wawili wakizungumza kwa Kiingereza cha baba cha taratibu. Siku ya kuondoka, Namba Saba alimkumbatia baba kwa muda mrefu, nikadhani ndivyo Waingereza wanavyoagana.

Filamu ilikuja mwaka 2018, nikiwa na miaka kumi na miwili. Tulitumiwa tiketi nne. Baba alisema ana suruali za watu za kumalizia, tukaenda mama, Shabani na mimi. Katikati ya filamu Namba Saba alisimama mezani, akautazama ukuta, akainua kiganja hewani, akakata. Nikataka kucheka kwa hasira: wametuibia gauni letu. Kijana mmoja kwenye filamu akamuuliza linashonwa la nani. Akakohoa kikohozi cha baba. Akasema ni la binti yake wa kwanza, aliyemponyoka mkononi katika msongamano wa watu wakigombea boti, akiwa na miaka mitatu. Mwaka huu, alisema, ana kumi na minne.

Niligeuka kumwambia mama kwamba mtu huyu ni mwongo. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, macho yamemtoka. Hapo nikajua. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mimi nilikuwa nimeishi ndani ya mtungi wenyewe! Nilikuwa na dada. Nilikuwa nimezionea wivu nguo zake. Mwisho wa filamu binti alipatikana, amekuwa mrefu, akamkimbilia baba yake, na ukumbi mzima ukalia na kupiga makofi. Shabani naye alipiga, kisha akatuona, akaikunja mikono yake mapajani.

Tuliporudi mama alivuka kila robot, zile taa za barabarani, bila kutazama rangi, nikimshika mkono. Baba alikuwa bado karakanani. Alitutazama mara moja tu, akazima pasi.

"Papa, kwa nini ulimwambia yeye?" nilimuuliza. "Kwa nini si mimi?"

Aliikunja suruali aliyokuwa akiipiga pasi. "Ule kazi yake ni kubeba mizigo ya watu, kisha anaitua. Weye ningekutwika, ungeitua wapi?"

Nilimwambia nina haki ya kujua. Mama akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hata yeye alikuwa na haki ya kuulizwa kabla mgeni hajaambiwa. Baba akaketi juu ya marobota ya vitambaa akalia mbele yetu, jambo ambalo sikujua kuwa analiweza.

Sasa mimi ni mtu mzima, na Namba Saba amepata tuzo kwa filamu ile. Kila akihojiwa humtaja fundi mmoja wa Johannesburg kwa heshima nyingi, na simchukii tena, ingawa ilinichukua miaka. Wageni humjia baba na kuniuliza kama mimi ndiye binti aliyepatikana. Nikiwaambia kwamba dada yangu hakupatikana, hunitazama kama nimewapunja. Katika filamu anaitwa Amani, jina walilochagua watengeneza filamu wenyewe, kwa sababu baba aliulizwa jina akakataa kulitoa. Alinipa mimi siku ile tuliyotoka kwenye filamu, karakanani, mama akisikiliza. Nyumbani tunalitaja sasa, mezani, bila kunong'ona, na hapa siliandiki.