Nepi Zilizozima Mashine ya Mwanangu

Kila nikimaliza kufua, umeme wetu hapa Iguguno unafifia, na mashine ya mvuke ya mwanangu mwenye pumu inazimika huku anahema. Nikajua mwizi wa umeme ni jirani, Mzee Kitundu, na mashine yake ya kukamua alizeti. Nikampita bila shikamoo, nikamtukana mbele ya wateja.

Fundi wa umeme alipokuja nikafoka, "Mkatie huyu!"

Mzee akazima mashine yake. Taa zangu zikaendelea kuchezacheza. Fundi akainua macho kwenye bomba linaloingiza waya nyumbani kwangu. Kamba ya kuanikia ilifungwa hapo, na nepi zilizolowa zilikuwa zinalivuta.

"Mama, kamba hii umefunga wewe? Waya umelegea."

Wateja wote wakanigeukia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.