Nukta Kumi na Sita

Kama kulikuwa na mtu pale hospitalini ambaye hakuhitaji kompyuta, basi ni Bi Faili. Jina lake halisi lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Wengine wote, kuanzia madaktari hadi wafagizi, walimwita hivyo, naye aliitika. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa ametunza chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Ukimtajia mama aliyejifungua mapacha miaka saba iliyopita, atakwambia kabati la tatu, rafu ya chini, faili lenye kona iliyotafunwa na panya. Kuhesabu nako alikuwa na mtindo wake: kila faili aliligusa kwa ncha ya penseli, midomo ikicheza, na ole wako umsemeshe katikati.

Kompyuta ilipoletwa, hakuikataa. Fundi wa kompyuta, bwana mmoja mwenye kitambi na kicheko cha karibu, alimwambia achague neno la siri ambalo hatalisahau hata akikurupushwa usingizini. Sasa, asubuhi ileile msimamizi wa ofisi alikuwa amemfokea mbele ya wauguzi kwa sababu ya kikombe cha chai. Chai mezani ilikuwa mwiko, na msimamizi hakujua kukataza jambo kwa sauti ya chini. Bi Faili alikuwa bado amefura. Akachapa neno lake kwa kidole kimoja, herufi kumi na mbili, huku akitabasamu peke yake. Kwenye skrini zikajitokeza nukta nyeusi tu.

"Mbona sioni ninachoandika?"

"Ni usalama, mama. Mtu asije akachungulia."

"Achungulie nani? Humu ndani tupo mimi na makabati."

Wiki mbili mambo yalikwenda sawa. Jumatatu ya wiki ya tatu kompyuta ikamkana. Alichapa neno lake, ikakataa, akarudia, ikakataa, mara ya tatu ikajifunga kabisa. Fundi akaja kuifungua. Jumanne ikawa yaleyale.

"Umesahau tu, mama. Hutokea," fundi alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma.

Maana dada yake mkubwa alianza hivihivi. Kwanza alisahau funguo, halafu njia ya sokoni, mpaka siku moja akamtazama Bi Faili usoni, akamuuliza kwa adabu zote, "Samahani, wewe ni mtoto wa nani?" Bi Faili hakuwahi kumsimulia mtu jinsi alivyolia siku ile. Sasa jioni, akiosha vyombo, alianza kutaja majirani wote kwa mpangilio wa nyumba, pamoja na watoto wao.

"Mama, unaongea na nani?" binti yake aliuliza.

"Najikagua."

Binti alicheka, lakini alicheka huku akimwangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Bi Faili aliona, akaanza upya kutoka nyumba ya kwanza.

Jumatano msimamizi akaja na neno lake. Kesho akishindwa tena, atahamishiwa getini kugawa kadi, na chumba atapewa mwingine. "Si adhabu," alisema. "Umri ni umri."

Alhamisi asubuhi wakasimama nyuma ya kiti chake, fundi kushoto, msimamizi kulia. Bi Faili akachapa polepole, herufi moja moja, na kabla hajabonyeza kitufe cha kuingia akanyanyua penseli. Akaigusisha kwenye kioo cha skrini, nukta moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Hakuna aliyethubutu kumsemesha.

"Kumi na sita," alisema. "Neno langu lina herufi kumi na mbili. Hizi nne zimetoka wapi?"

"Labda vidole vimeteleza, mama."

"Kidole changu ni kimoja na hakitelezi. Nionyeshe maneno yenyewe."

"Hairuhusiwi kuonyesha..."

"Baba, nionyeshe, au nibebe kompyuta hii niirushe dirishani!"

Fundi akamtazama msimamizi, msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Fundi akabonyeza kialama cha jicho pembeni, nukta zikageuka herufi, naye akazisoma kwa sauti kabla hajapata akili ya kunyamaza:

"Bosssi... kisssirani."

Bi Faili alitamani kabati la tatu limfungukie aingie. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na furaha iliyokuwa inampanda kifuani, na ndiyo iliyoshinda.

"Ndilo hilohilo!" alipiga kelele. "Sikusahau! Ni hiyo S inayojirudia, si mimi!"

Fundi akaikung'uta kibodi kichwa chini. Akaibonyeza S, ilinata kama peremende. Akanusa.

"Chai," alisema. "Tena ya sukari nyingi. Nani kanywea chai hapa?"

Bi Faili hakuwa amegusa chai mezani tangu siku aliyofokewa. Wote wawili wakageuka kumtazama msimamizi, ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa amekaa palepale kutafuta faili la shangazi yake. Msimamizi alikohoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Fundi, mletee kibodi mpya," alisema hatimaye. "Na wewe, Bi Faili, kumbe kumbukumbu unayo. Unayo nzuri mno."

Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mabega yote, na Bi Faili akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliyaacha yatiririke, kwa kuwa hayakuwa ya kicheko peke yake. Akampigia binti yake simu papo hapo: "Mwanangu, kichwa changu kizima!"

Kibodi mpya ilipofungwa, fundi akamwambia achague neno jingine, kisha akauliza kwa kejeli kidogo, "Sasa, mama, nikuachie jicho likiwa wazi uone unachoandika?"

Bi Faili alimtazama msimamizi, aliyekuwa bado amesimama nyuma yake akinyoosha shingo.

"Lifunge, baba," alisema. "Lifunge kabisa."