Shimo la Mabruki

Mabruki wa Gongoni alikuwa mtu wa kupenda kujua. Akinunua saa, ataifungua kwanza aone kinachoizungusha, ndipo aivae. Akiletewa samaki wa Kigoma, atauliza alivuliwa kwa wavu au kwa ndoana. Kazi yake ilikuwa kununua asali na nta kwa warina, kuanzia misitu ya Ulyankulu hadi Puge, na kuzileta Tabora mjini kwa lori lake kuukuu, lori lililokubali kilima kimoja na kukataa cha pili.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha alipata kiwanja. Nyumba yenyewe ingesimama kwa matofali ya kuchoma, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa juu ya saruji aliyokwisha kuiweka akiba. Ilitosha jambo moja tu: ama chumba cha chini ya ardhi, ama banda kubwa la kulaza lori.

Chumba cha chini alikuwa amekiona kwa mapadre. Siku moja alipeleka nta ya mishumaa misheni, akateremshwa ngazi tisa mpaka ghalani. Nje jua lilikuwa la kupasua kichwa. Mle ndani kulikuwa na baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita. Tangu siku hiyo Mabruki hakutulia. Akipita mahali hugonga ardhi kwa kisigino, asikilize.

"Baba Maua," mkewe Batuli alimwuliza, "hicho chumba kitawekwa nini?"

"Asali. Ikae baridi."

"Asali yako imekaa kwenye joto miaka kumi na miwili, hajarudisha mtu. Niambie kitu kingine."

Mabruki akagonga ardhi kwa kisigino. Batuli akamwambia waziwazi kwamba hatahamia nyumba yenye shimo chini ya kitanda mpaka aambiwe shimo ni la nini. Naye Batuli hakuwa mwanamke wa kusema neno mara mbili.

Fundi wake alikuwa Kornel, Mkatoliki aliyejifunza uashi kwa mabruda. Kornel hakukubali wala hakukataa.

"Ardhi ya Tabora ina siri zake," alisema. "Tuchimbe shimo la kujaribia, tuliache wazi. Mvua ya kwanza itatujibu."

Wakachimba. Ili shimo lifuate mstari wa ukuta, walilielekeza mashariki na magharibi. Urefu wake ulizidi mtu kidogo, upana wa kuingia mchimbaji mmoja, na kina cha kufika mabegani. Kornel, kwa dini yake, hakuona neno. Mabruki alikuwa amezika watu wengi na alijua vizuri kwamba kwa Tabora kibla iko kaskazini, na kaburi huchimbwa kuikingama, lakini siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye rangi za udongo: mweusi juu, mwekundu chini yake, kisha changarawe ngumu iliyoshikamana kama jiwe, ikitoa cheche kwenye sururu. Alifurahi kama mtoto. Hakugundua kwamba amechimba kaburi la Kiislamu kiwanjani kwake, akaliacha wazi.

Majirani waligundua kabla ya adhuhuri. Vijana walisema Mabruki anatafuta rupia alizofukia Mjerumani. Wanawake bombani walisema jambo zito zaidi: kaburi lililo tupu huita.

Siku ya tatu akatokea Abasi, Mzaramo wa reli, mtani wake. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulizaliwa njiani, mababu walipobeba mizigo kati ya Tabora na pwani, na mtani hana hodi msibani. Abasi alikuja na gogo la mgomba begani, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Mnyamwezi! Unazika bila kunipa habari?"

"Hakuna msiba hapa, Mzaramo wee. Rudi ukapige filimbi ya treni."

"Hakuna msiba, na kaburi hili hapa?" Abasi alitua gogo, akarukia shimoni, akalala kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini. "Limenienea. Umenipima lini, mchawi wewe? Sitoki mpaka nilipwe kibuyu cha asali!"

Watu walicheka, na katika kicheko hicho Mabruki aliliona shimo lake kwa mara ya kwanza.

Abasi akaketi, akajifuta vumbi. "Ehe, nieleze. Humu kitakaa nini?"

"Asali."

"Nyuki mwenyewe anaiweka mtini, mzinga unapigwa na upepo. Wewe umefundishwa na nani kuifukia?"

"Wako nyuki wadogo wanaokaa ardhini!"

"Wapo. Na asali yao haijazi hata kikombe!"

Desturi inajulikana: kaburi lililochimbwa bure huzikwa mgomba, ardhi ikatulia. Lakini shimo likifukiwa, jibu la mvua halitapatikana, na Mabruki alitaka kujua, hata kwa aibu. Wakapatana kwamba mgomba ulazwe shimoni sasa hivi, na udongo urudishwe mvua ikishanyesha.

"Mvua ikishanyesha," Batuli alisema mbele ya wote, "na mimi nitajibiwa."

Mvua ilinyesha Ijumaa baada ya sala, ikapiga mpaka jioni. Kulipokucha, mtu wa kwanza kupita alipiga ukelele. Shimo lilikuwa limejaa pomoni, na mgomba ulielea juu ya maji ukizunguka polepole.

"Maiti kafufuka!" Abasi alishangilia.

Kornel alitumbukiza kamba. Siku nne mfululizo alipima, na maji hayakupungua hata kiganja. Changarawe ile ngumu iliyashika kama chungu. Hata hivyo hakumdanganya tajiri wake. "Chumba kinawezekana. Kuta mbili, na lami katikati. Niliona mabruda wakifanya. Saruji yako itakwisha yote, lakini kitakaa kikavu. Sema wewe."

Basi maji hayakumwamulia. Mabruki alibaki kiwanjani na mkewe, kila mmoja upande wake wa shimo.

"Sema sasa," alisema Batuli.

"Naogopa macho, Mama Maua. Kwenye mkutano wa chama wakitaja kupe na wanyonyaji, watu wanageuka kutazama lori langu pale nje. Kila mara. Nilitaka pawe na mahali ambapo hapatazamwi."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Umempunja mrina yeyote debe lake?"

Alifikiri kwanza, maana swali lilistahili kufikiriwa. "Sijampunja."

"Basi unaficha nini? Mali ya halali ukiifukia, umeivika nguo ya wizi kwa mikono yako. Atakayeikuta huko chini atauliza nini, na utamjibu nini?"

Mtu mwenye udadisi wa kupasua saa na kugonga ardhi alikuwa hajawahi kujiuliza swali hilo moja. Wako wengi wa namna hiyo, na si wote wenye wake wa kuwauliza.

Mgomba ulizikwa siku hiyo hiyo, Abasi akalipwa kibuyu chake. Kisha Mabruki alimfuata Kornel.

"Jenga banda."

"Mlango utazame ua, au barabara?"

"Barabara. Na uwe mpana. Ukutani uniwekee mbao za kupanga madebe."

Macho hayakuacha kutazama. Mkutano uliofuata watu waligeuka kama kawaida. Lakini Batuli alihamia nyumba mpya hata kabla banda halijaezekwa, na jirani akichungulia mlangoni mwa banda akiuliza kuna nini ndani, alimwambia aache kuchungulia, aingie ahesabu.