Nondo wa Ukuta wa Hawe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Jumamosi moja ya Mei, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mvua ya masika ikiwa imekatika punde, Hawe, bibi yangu mzaa baba, aliniita bustanini kwake huko Marafa. Taa ya chemli ilikuwa imekesha barazani, na ukuta wa udongo ulijaa nondo: wa kijani kibichi, wa kijivu kama gome la mti, na mmoja mkubwa wa kahawia mwenye madoa mfano wa macho mabawani. Sikuwa nimejua kwamba nondo wana rangi.

"Usiwafukuze," alisema. "Hao ni koma, wazee wetu waliotangulia. Mgeni hupewa maji."

Akachovya kidole kikombeni, akadondosha tone chini ya kila mmoja.

Niliwachora katika daftari la hesabu. Ili nisiwachanganye, nilimpa kila mmoja jina la marehemu wa ukoo. Majina niliyachagua mwenyewe. Yule mkubwa, wa kumi na saba, nilimwita Karisa, kwa jina la binamu yangu, mtoto wa ami, aliyefariki kwa homa wiki iliyotangulia.

Jumatatu, kwenye foleni ya maji, niliwaonyesha wenzangu. Ami alikuwapo, akaninyang'anya daftari.

"Karisa anafanya nini humu?"

"Yuko kwa Hawe, ami. Ukutani. Ananyweshwa maji."

"Nani kakwambia?"

"Hawe."

"Si niliwaambia?" mwanamke mmoja akadakia. "Mvi zile si za bure, ni mchawi yule!"

Nilikuwa nimesema nusu ya ukweli. Nusu ya pili, kwamba jina nililichagua mimi, sikuitoa nilipouona uso wa ami.

Saa nane mchana siku hiyo vijana walifika kwa Hawe na mapanga na petroli. Mama alimtoa Hawe kwa mlango wa nyuma. Nyumba iliungua, na ami akaifyeka bustani. Hawe aliishi miaka miwili katika makao ya wazee waliotuhumiwa uchawi, akafia huko. Nilimtembelea mara moja tu.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nondo wetu wazima?"

"Wazima," nilijibu. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya daftari, nami sikumweleza.

Leo nafundisha biolojia, na wanafunzi wangu hunisikia nikisema kwamba nondo huvutwa na mwanga tu. Hata hivyo, asubuhi tuliyomzika Hawe, nondo mweupe alitua ukutani kwetu, nami nikamdondoshea maji. Daftari lile ami alilichoma. Nimelichora upya kwa kumbukumbu, na mwishoni nikamchora yule mweupe, nikamwandikia jina la Hawe. Sasa wamo kumi na wanane.