Futari ya Diwani

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya Ramadhani, mwanangu, mwaka ule nilipopiga kura yangu ya kwanza. Keti, weka simu chini. Mambo haya nimeyasema hata ulimi umechoka.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kibokoni, nyumbani kwa nyanya, mzaa mama. Nyanya alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda cha kuoshwa na kufungwa kila siku. Zamani alikuwa akienda zahanati ya mtaa, hapo karibu tu, akijikongoja. Kisha zahanati ikafungwa. Tukaambiwa baraza la mji halina pesa za muuguzi wala za dawa. Ikawa ni kumpakia kwenye mkokoteni mpaka hospitali kuu, na siku tulizomkosa wa kuusukuma, kidonda kilikaa hivyo hivyo.

Jioni ile, magharibi ikikaribia, diwani wetu alituma futari nyumba hadi nyumba. Uchaguzi ulikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye baraza hilo la mji zahanati ikifungwa, tena kwa chama kilichotawala. Sahani yetu ilijaa biriani ya mbuzi na sambusa juu yake, nzuri kwa kweli, sitasema uongo na mvi hizi.

Nawe wazijua desturi zetu. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu; huna kitu, utatia hata tende mbili tatu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haya sana. Akasema, "Mtu mkubwa kama huyu tutamrudishia nini sisi? Tutampa kura, basi." Na mtaa mzima ulikuwa ukisema hayo hayo.

Nyanya akacheka kidogo, kwa uchovu. "Zainabu," akamwambia mama, "sukari ukinunua hulipi kodi? Sabuni je? Mafuta ya taa? Na diwani huyu analipwa na nani? Chakula hiki kimetoka kwetu, kwake kimepita tu. Mimi nitakula, nina njaa. Lakini simrudishii kitu."

Akaniamuru niioshe sahani, niirudishe tupu, na nikifika niseme nyanya auliza muuguzi yuko wapi. Mama alishika kichwa. "Watu watasemaje, mama?" Nilipita vichochoroni nimeificha sahani ndani ya buibui, maana aibu ilinishika kweli. Lakini ujumbe niliufikisha.

Diwani hakukasirika. Laiti angekasirika. Kesho yake alikuja mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, akambusu nyanya mkono, akamwombea dua ndefu, akamuuliza kila mmoja wetu hali yake. Muuguzi hakumtaja. Alipotoka, mama alikuwa akifuta machozi ya furaha. "Mmeiona adabu yake?" Hapo nikajua tumeshashindwa.

Siku ya kura tulimpeleka nyanya kituoni kwa mkokoteni. Alimchagua mpinzani, nami pia; mama kura yake alimpa diwani. Mpinzani naye sijui angefanya nini, pengine yale yale. Mtaa ukamrudisha diwani, na zahanati haikufunguliwa. Kabla ya Ramadhani nyengine kufika, mguu wa nyanya ulikatwa juu ya goti.

Mama alikaa pembeni mwa kitanda hospitalini akilia, "Ni mimi mama, nimekukata mimi." Nyanya akamjibu polepole, "Wewe ulitaka kuwa na adabu. Adabu hiyo mpe jirani. Huyu diwani ni mtu tuliyemwajiri."

Na leo nimechoka, mwanangu. Nimewaona wanasiasa wakihama chama hiki kwenda kile, na kurudi. Wakiwa serikalini, kodi ni wajibu wa kila raia. Wakitolewa, kodi hiyo hiyo ni wizi. Uchaguzi ukikaribia lami inamwagwa na taa za njiani zinawaka, na watu wanasahau walivyokuwa wakijikwaa gizani miaka yote. Sasa nasikia nawe umepewa fulana ya chama, na umeahidi kura yako.

Fulana vaa, ni nguo. Wakikulisha, kula. Ila usijione umefungwa. Ukiwa na karatasi ya kura mkononi jiulize kodi yako imefanya nini mtaani kwako, na ni nani aliyekuwa ameishika. Usiangalie rangi ya chama, wala nani alikuja kukaa nasi matangani. Ukimkosa aliye mwema kati yao, mchague yule utakayeweza kumuuliza akakujibu. Na ukishamchagua, mwandame, usimpe nafasi ya kupumua.

Mimi sina tena nguvu za kumwandama mtu. Nakuombea tu Mola akupe macho ya kuona chako kinapokwenda, akupe na uso mkavu wa kukiulizia, na akuepushe na kukaa pembeni mwa kitanda alipokaa mama. Amina.